Nyoka wa Nokia: Mchezo Mmoja, Kuta Tatu

Aliyezoea gemu ya nyoka kwenye Nokia 1100, akishika simu ya zamani zaidi ya kampuni hiyohiyo, hafiki mbali. Anamwelekeza nyoka ukutani akitegemea atokeze upande wa pili. Kwenye toleo la kwanza, ukuta ule unaua.

Toleo hilo lilikuja na Nokia 6110, mwishoni mwa 1997. Mhandisi wa Kifini, Taneli Armanto, alikuwa amepewa kazi ya kutengeneza michezo ya simu. Tetris ilifikiriwa kwanza, ikakwama kwenye masharti ya leseni, ndipo Armanto akageukia wazo la nyoka lililokuwepo tangu mashine ya Blockade ya 1976. Kioo kilikuwa na nukta 84 kwa 48 tu, hivyo nyoka wake alikuwa msururu wa vipande vyeusi. Hata hivyo, alimwekea mchezaji huruma kidogo: nyoka husita kwa muda mfupi mno kabla ya kugonga ukuta, kidole kikapata nafasi ya mwisho ya kugeuza.

Snake II, iliyokuwemo kwenye Nokia 3310 ya mwaka 2000, ilibadili sheria yenyewe. Nyoka sasa alipita ukingo wa kulia akaibukia kushoto. Kukawa na ramani zenye vizuizi, na wadudu wa ziada waliojitokeza kwa muda mfupi, alama zao zikipungua kadiri mchezaji alivyochelewa. Mbinu nazo zikageuka. Ukingo, uliokuwa mwisho wa safari, ukawa njia ya kukwepa, na adui mkubwa akabaki mkia wa nyoka mwenyewe.

Wengi Sumbawanga, kuanzia Izia hadi vijiji vya uwanda wa Ufipa, waliukuta mchezo ukiwa umeshafika hapo. Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilikuwa na Snake II, tochi, uso uliozuia vumbi na chaji ya kukaa siku kadhaa. Kwa mkoa wao, ambao kwa miaka mingi ulipata umeme wake kutoka Zambia, huku vijiji vingi vikiwa havina umeme kabisa na simu zikichajiwa dukani kwa malipo, sifa hizo zilikuwa na uzito. Gemu yenyewe haikula vocha wala kusubiri mtandao.

Mwaka 2005 zikaja Nokia 1110 na 1600 zikiwa na Snake Xenzia, ambamo sheria mbili za awali zilikutana. Mchezaji alichagua ramani mwenyewe: asiyetaka kuta alicheza uwanja wazi kama wa Snake II, aliyetaka ukali wa 1997 alichagua sanduku lililozungushiwa ukuta pande zote. Waliobobea waliendelea hadi kwenye handaki na reli.

Nokia 3310 mpya ya 2017 ilileta nyoka wa rangi aliyetengenezwa na Gameloft. Matoleo ya zamani hayakuuzwa peke yake kwenye kaseti wala diski. Yalikaa ndani ya simu, na kila simu inayotupwa huondoka na toleo lake. Hasara hiyo inaepukika. Nokia 1100 na 1110 zote hutumia betri ya BL-5C, ileile inayoendesha redio nyingi ndogo, hivyo mwenye simu hizo kabatini bado anaweza kuziwasha na kuyacheza matoleo yote mawili, moja baada ya jingine.