Nyumba Yako, Miaka Mingapi? Historia ya Hati za Miaka 99 Mombasa



Posa ikija huulizwa mengi: mahari kiasi gani, nikaha msikiti gani, maharusi watakaa wapi. Likitajwa kuwa binti amepewa nyumba, vigelegele hupigwa na maneno huishia hapo. Ni wachache wanaouliza ardhi iliyo chini ya nyumba hiyo imebakisha miaka mingapi. Hapa Mombasa swali hilo lina historia ndefu, na wanawake wamo ndani yake tangu mwanzo.

Mabibi zetu walikuwa na mali

Suratun-Nisaa imempa mwanamke fungu lake katika mirathi, liwe dogo au kubwa, na mahari yake ni haki yake mwenyewe. Kwa hiyo mabibi wa mji huu walimiliki nyumba, mashamba na minazi kwa majina yao, wakauza, wakapangisha, wakaweka wakfu. Walikwenda kwa kadhi na kuandikiwa hati bila kungoja idhini ya mume.

Disemba 1895 Sultani wa Zanzibar aliwapa Waingereza usimamizi wa ukanda wa pwani wa maili kumi kwa malipo ya kila mwaka. Bendera yake iliendelea kupepea juu ya Fort Jesus hadi 1963, lakini mambo ya ardhi yalikuwa yameshashika njia nyingine. Mwaka 1908 ilitoka sheria ya hati za ardhi ya pwani: kila mwenye kudai ardhi apeleke madai yake yaandikwe. Waliokubaliwa walipata umiliki wa kudumu, na hati za aina hiyo zipo mpaka leo. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme. Aliyekuwa safarini, aliyekuwa edani, au aliyetegemea mashahidi bila karatasi, alikuwa hatarini kupoteza.

Miaka 99

Ardhi ya Serikali mara nyingi haikuuzwa moja kwa moja, ilikodishwa. Sheria ya 1902 iliweka miaka 99. Ile ya 1915 ikawapa walowezi wenye mashamba miaka 999, lakini viwanja vya mjini vikabaki miaka 99. Ukijenga ghorofa juu ya kiwanja cha namna hiyo, nyumba umeijenga wewe, na ardhi umekodi.

Miaka 99 ilionekana kama milele kwa aliyetia saini. Sasa hesabu: kiwanja kilichokodishwa 1930 muda wake unaisha 2029. Aliyetia saini ameshatangulia mbele ya haki, na pengine hata wanawe. Anayekutwa na mwisho wa hati ni mjukuu au kitukuu.

Upo mtindo mwengine, nao ni wetu hasa: nyumba bila ardhi. Mitaa kama Majengo ilijaa nyumba za Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Wanawake wengi walijenga au kununua nyumba hizi, wakakaa chumba kimoja na kupangisha vingine. Mjane aliweza kusomesha watoto bila kumwomba mtu. Udhaifu ulikuwa kwamba mara nyingi muda haukuandikwa popote. Fiqhi inataka muda wa ijara ujulikane, na busara ya sharti hilo ilionekana siku ardhi ilipouzwa kwa mtu mwengine naye akataka kiwanja chake.

Sheria ya leo

Katiba ya 2010 ilisema asiye raia hawezi kushika ardhi kwa zaidi ya miaka 99. Sheria ya Ardhi ya 2012, pamoja na marekebisho ya 2016, inampa raia ambaye muda wake unakaribia kwisha haki ya kufikiriwa kwanza, mradi ardhi haihitajiki kwa matumizi ya umma. Ndani ya miaka mitano ya mwisho, Tume ya Kitaifa ya Ardhi inatakiwa kumjulisha mwenye hati kwa barua ya rejista. Lakini haki hiyo haijitekelezi yenyewe; ni lazima uombe. Kuomba kabla muda haujaisha ni kuongeza muda. Ukishaisha, ardhi imerudi serikalini nawe unaomba upya.

Sasa fikiria barua hiyo inaandikwa kwa jina la nani. Inaandikwa kwa aliye kwenye hati. Ikiwa hati bado ina jina la bibi aliyefariki miaka 30 iliyopita, na mirathi haikugawanywa kwa sababu "sisi ni ndugu, tunaelewana", nani ataifungua?

Hapo ndipo haki ya mwanamke hupotea bila mtu kumdhulumu waziwazi. Chukua marehemu aliyeacha mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili, bila mrithi mwengine. Kila binti ana robo. Lakini ikiwa hati imebakisha miaka minne, hiyo ni robo ya miaka minne. Kuchelewesha mirathi huonekana kama heshima kwa marehemu, kumbe mali yenyewe inayeyuka.

Kabla ya nikaha, na baada yake

Ukipewa nyumba au fleti, iwe mahari, zawadi au urithi, omba kuona hati. Tazama mwaka ilipoanza, ni miaka mingapi, na jina la nani. Nenda ofisi ya ardhi ufanyiwe upekuzi. Kwa fleti, uliza muda wa ardhi ya jengo zima, kwani hati yako haiwezi kuishi zaidi yake. Hakikisha kodi ya ardhi na ya kaunti zimelipwa. Ikiwa mwenye hati amefariki, anzeni kwa kadhi, mrithi aandikwe, kisha ombeni kuongezewa muda mapema.

Kuuliza si tamaa wala si utovu wa adabu kwa wakwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Mabibi zetu waliandika. Nasi tuandike.

Allah atubariki katika nyumba zetu na atujaalie kila mwenye haki aipate. Amin.