Upendeleo wa kijinsia katika habari za wagombea: Mpanda na Katavi

Ni ada ya vyombo vya habari kumpima mgombea mwanamke kwa mizani isiyokuwa ya mwenziwe mwanamume, ama kwa kumnyima nafasi, ama kwa kutanguliza ndoa, watoto na mavazi yake mbele ya sera zake. Makala haya yahusu hususan Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Mpanda.

Historia yake

Mwanamke wa kwanza kugombea urais wa Muungano wa Tanzania alikuwa Anna Senkoro wa PPT-Maendeleo, mwaka 2005. Akafuatia Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo mwaka 2015, aliyepata kura 98,763. Sifa hiyo ya kuwa wa kwanza, ijapokuwa ni ya haki, ina madhara yake, maana humgeuza mgombea kuwa ajabu ya kutazamwa, ilhali hoja zake hupita bila ya kuulizwa. TAMWA, chama cha waandishi wanawake kilichoasisiwa mwaka 1987, kimeipinga dhuluma hii kwa ushupavu. Uchunguzi wa habari ulimwenguni, unaorudiwa kila miaka mitano tangu 1995, ulidhihirisha kwamba mwaka 2020 wanawake walikuwa robo tu ya watu waliotajwa na kusikika katika habari.

Katavi

Mizengo Pinda, mwanasiasa wa Katavi na Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, alijulikana nchi nzima kwa lakabu ya mtoto wa mkulima, na nasaba yake ikahesabiwa kuwa fadhila. Lakini mgombea mwanamke, ambaye naye aghalabu ni mtoto wa mkulima, huulizwa mumewe ni nani na watoto amemwachia nani. Pudenciana Kikwembe alilitwaa jimbo la Kavuu mwaka 2015, na Anna Lupembe jimbo la Nsimbo mwaka 2020, wote wawili wakiwa wamepitia Viti Maalumu, yaani nafasi za ubunge zilizotengewa wanawake, daraja ambayo wengi huidhania kuwa hisani, wala si kazi.

Sababu nyingine ya upendeleo huo ni mali. Mwandishi wa mkoani, alipwaye kwa kila habari, hawezi kufika Karema, Inyonga au Usevya bila ya kupanda gari la mgombea. Basi asiye na gari, na wanawake ndio wengi miongoni mwao, hukosa mwandishi pia.



Hali ya sasa

Tangu tarehe 19 Machi 2021 rais wa nchi ni mwanamke, Samia Suluhu Hassan.