Lushoto: Mji Bondeni, Watu Milimani

Msafiri anayepanda kilomita 33 za kona kutoka Mombo hufika katika mji mdogo ulioketi bondeni, mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Aghalabu huelezwa kuwa Lushoto ilianzishwa na Wajerumani, wakaiita Wilhelmsthal kwa heshima ya Kaizari wao, Wilhelm wa Pili. Kwa habari ya majengo, maelezo hayo ni sahihi. Kwa habari ya watu, yanapotosha.

Wasambaa hawakuwa na desturi ya kujenga bondeni. Vijiji vyao vilikaa juu ya migongo ya milima, vikizungukwa na migomba. Mabonde yenye maji yalilimwa. Wambugu nao walichunga ng'ombe katika nyanda za juu zenye baridi. Kiti cha enzi kilikuwa Vuga, kwa Wakilindi, ukoo unaojinasibisha na Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliiandika nasaba hiyo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi. Basi msomaji wa Kiswahili hana udhuru wa kudhani kuwa milima hiyo ilikuwa mitupu.

Iliyokuwako ni nchi iliyojeruhiwa. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, warithi wake walipigana. Semboja, aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara, alijipatia bunduki, na watu wengi waliuzwa utumwani. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga. Ndipo mamlaka yalipoteremka kutoka mgongoni hadi bondeni. Reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na walowezi wakapata njia nyepesi ya kuifikia ardhi ya baridi. Waingereza walipoingia mwaka 1916, jina la Kaizari lilianza kufifia. Ofisi za serikali zilibaki palepale.

Wasambaa wana maneno mawili ya kumpima mtawala: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mvua na chakula ndivyo vilivyokuwa mizani. Mizani hiyo iliwafikia hata Waingereza. Baada ya vita vya pili vya dunia, waliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Udongo ulikuwa unachukuliwa na maji kweli. Lakini kazi ilikuwa nzito, mashamba yalikuwa madogo, na amri ilitoka kwa watu wasioyalima. Wakulima walikataa, na mwaka 1957 mpango huo uliachwa.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 492,441 katika Wilaya ya Lushoto. Walio wengi hawakuwa wakazi wa mji. Waliishi katika vijiji vilivyotapakaa milimani, wakiteremka siku ya gulio na mizigo ya mboga na matunda, kisha wakipanda tena kabla ya giza.

Kwa hiyo, mtu wa Usambara aliyeko Muscat au London anapoulizwa kwao ni wapi, hujibu "Lushoto" ili asichoshe masikio ya mgeni. Akikutana na mwenziwe, hutaja Mlalo, Mtae, Soni au Bumbuli. Watoto wake wanaosikia jibu la kwanza tu watarithi mji uliojengwa na mtawala. Nchi ya babu zao imo katika jibu la pili, nalo lahitaji kutamkwa mbele yao.