Kupakua faili kwa mstari wa amri

Kupakua faili kwa mstari wa amri ni kuchukua faili mtandaoni kwa kuandika amri, bila kufungua kivinjari. Zana zinazotumika zaidi ni wget na curl, zote programu huria zinazopatikana bure.

Umuhimu

Tuchukue mfano wa Butali, kituo cha biashara katika eneo la Malava, Kaunti ya Kakamega, kwenye barabara ya Kakamega–Webuye. Kama ilivyo kwingi nchini Kenya, mwanafunzi wa hapa mara nyingi huingia intaneti kwa bando la simu lenye kipimo na muda wake. Faili kubwa ikikatika njiani na kuanza upya, bando limeliwa bure. Hasara hiyo inaepukika.

Historia

Wget iliandikwa na Hrvoje Nikšić wa Kroatia na kutolewa Januari 1996. Curl, kazi ya Daniel Stenberg wa Uswidi, ilitoka kwa jina hilo Machi 1998. Tangu 2018 curl huja na Windows 10, na kwenye simu za Android zana zote mbili hufanya kazi ndani ya programu ya Termux.

Matumizi

Amri ifuatayo hupakua makala za Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa 2003, zikiwa zimebanwa katika faili moja:

wget -c https://dumps.wikimedia.org/swwiki/latest/swwiki-latest-pages-articles.xml.bz2

Mtandao ukipotea, amri hiyohiyo hurudiwa. Kwa sababu ya -c, wget hupima kipande kilichokwisha kufika, kisha huiomba seva iendelee kuanzia baiti inayofuata. Seva inayokubali hujibu kwa msimbo 206. Kwa curl huandikwa `curl -L -C - -O` na anwani: -L hufuata anwani iliyohamishwa, -C - huendeleza, na -O huhifadhi faili kwa jina lake. Ukiongeza `--limit-rate=100k` kwenye wget, kasi hupungua, na wanaotumia mtandao uleule nao wakapata nafasi.

Tahadhari

Faili ikibadilishwa kwenye seva kabla hujamaliza, kuendeleza huunganisha vipande vya matoleo mawili, na faili huharibika. Kwa hiyo ilinganishe na orodha ya sha1 (alama za kukagulia faili) inayotolewa pamoja nayo, kwa amri ya `sha1sum`. Anayenunua data kwa kipimo aanze kwa kujifunza -c, na asiitegemee faili yoyote kabla ya kuikagua.