Mahindi ya Handeni na Mkonge wa Korogwe: Maana ya Kabohaidreti

Watu wa Handeni hulima mahindi na muhogo wapate kula, na watu wa Korogwe, tangu zama za Wajerumani, wamevuna mkonge ili ulimwengu upate kamba. Chakula na kamba ni vitu viwili ambavyo mtazamo wa kawaida hauoni uhusiano baina yao, ilhali elimu ya kemia yatwambia kwamba wanga wa punje ya mhindi na singa ya mkonge vimejengwa kwa kitu kimoja, nacho ni sukari iitwayo glukosi. Neno linalokusanya sukari, wanga na singa chini ya jina moja ni kabohaidreti, na makusudi ya makala hii ni kulieleza neno hilo na kulitenga na neno wanga, ambalo katika vinywa vya wengi, hata darasani, limetwikwa mzigo usio wake.

Asili ya neno kabohaidreti ni makisio ya wanakemia wa Ulaya wa karne ya 19. Walipoipima glukosi waliona kwamba kila molekuli yake ina atomi 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Na kwa kuwa haidrojeni na oksijeni zilikuwamo kwa kiasi kile kile cha maji, yaani mbili kwa moja, walidhani kwamba sukari ni kaboni iliyoshikamana na maji, wakaiita kwa majina ya vitu hivyo viwili. Baadaye ikadhihirika kwamba ndani ya sukari hamna maji kamili, bali atomi zilizofungamana kwa namna nyingine. Lakini jina lilikuwa limekwisha enea, likabaki. Kwa sababu hiyo Kiswahili kilifanya vyema kulipokea neno kwa sauti yake na kulivika irabu zetu, kuliko kulitafsiri kwa maana yake, kwani tafsiri kama "maji ya kaboni" ingaliwarithisha wanafunzi wetu kosa ambalo wenyewe waliolianzisha wamekwisha liacha.

Katika ukoo huu wa kabohaidreti sukari ndiyo ndogo kwa umbo, nayo ndiyo chimbuko la wengine. Neno sukari lenyewe tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, nao kwa Wahindi wa kale. Sukari iliyo maarufu kupita zote katika viumbe hai ni glukosi, ambayo jani la kijani huitengeneza kwa hewa ya kaboni dayoksaidi, maji na nuru ya jua, katika kazi iitwayo usanisinuru. Glukosi ikiungana na nduguye fruktosi hupatikana sukrosi, ambayo ndiyo sukari ya miwa tuitiayo katika chai. Na glukosi ile ile hutembea katika damu ya mwanadamu ikizipa seli nguvu, hata ubongo hauwezi kustahimili kuikosa.

Mmea hauwezi kuweka akiba kubwa ya glukosi katika hali yake hiyo, kwani huyeyuka na kuvuta maji mengi ndani ya seli. Kwa hiyo huunganisha glukosi nyingi, mamia na maelfu, katika minyororo, na akiba hiyo ndiyo wanga. Mama wa Kizigua akunapo muhogo mbichi, akaukamua katika maji na kuyaacha yatulie, huona chini ya chombo tabaka jeupe, laini, linalolia kidogo likifikichwa kwa vidole: huo ni wanga wenyewe, ambao mtu wa pwani hutia katika kanzu ili isimame ipigwapo pasi. Tone la ayodini likiuangukia, hugeuka buluu iliyokoza hata kukaribia weusi. Na mtu atafunaye tonge la ugali bila kulimeza upesi ataonja utamu, maana kimeng'enya cha mate kiitwacho amilesi kimekwisha anza kuikata minyororo hiyo na kuirejesha katika sukari.

Sasa tutazame mkonge. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na 62 tu ndiyo iliyofika hai. Lakini hiyo michache ilitosha kuanzisha mashamba, kwa sababu mkonge huvumilia ukame. Hufungua vitundu vya majani yake usiku ili upokee hewa, na mchana jua lichomapo huvifunga, ukatengeneza sukari ndani kwa ndani bila kupoteza maji mengi. Jani likipitishwa katika mashine iitwayo korona, nyama yake ya kijani husagwa na kuondoka na maji, zikabaki singa ambazo uzito wake ni kama sehemu 4 katika 100 za jani zima. Sehemu kubwa ya singa hizo ni selulosi, nayo ni glukosi tupu kama wanga ulivyo. Tofauti ni namna ya kuungana. Katika wanga glukosi zote zimeelekea upande mmoja, mnyororo ukajipinda. Katika selulosi kila moja imepinduliwa kinyume cha jirani yake, mnyororo ukanyoka, ukalala sambamba na wenziwe na kushikamana nao barabara. Amilesi yetu haina uwezo wa kukata kiungo hicho, hata mtu aliyefungiwa ghalani mwa mkonge aweza kufa njaa juu ya lundo la glukosi. Ng'ombe wa Handeni huishi kwa nyasi kavu za kiangazi kwa sababu tumboni mwake wamo vijidudu waivunjao selulosi, naye akiwasaidia kwa kucheua. Na ni kwa kazi ya vijidudu kwamba mtambo uliojengwa Hale, wilayani Korogwe, uligeuza mabaki ya mkonge kuwa gesi ya kuzalishia umeme.

Haya yakifahamika, haja ya kutochanganya majina huonekana, tena huonekana zaidi katika maradhi. Mgonjwa wa kisukari aambiwaye aache sukari huweza kuiacha ile ya chai kwa uaminifu wote, kisha akala sahani iliyojaa ugali wa sembe bila wasiwasi, kwa kuwa hakuelezwa kwamba wanga ule nao utakuwa glukosi katika damu yake. Lau angefundishwa ukoo wote, angejua kulipima tonge lake, na angejua kwa nini dona, yenye pumba zake za selulosi isiyogeuka glukosi mwilini, yamfaa kuliko sembe. Basi rai yangu ni kwamba kabohaidreti liwe jina la ukoo, na sukari, wanga na selulosi yawe majina ya watoto wake, kila moja kwa maana yake, shuleni, zahanati na shambani.