Pampu ya moyo: historia yake, na swali la umeme Baraka

Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, miguu huvimba, pumzi hukatika, na usiku mgonjwa hawezi kulala chali. Fizi na Baraka watu wanazijua dalili hizo. Katika nchi tajiri, moyo ukichoka kabisa na dawa zikishindwa, madaktari huweza kuweka pampu ya kuusaidia.

Pampu hiyo ilianza Houston, Marekani, mwaka 1963. Mgonjwa wa kwanza alifariki siku chache baadaye. Mwaka 1966, katika mji huohuo, daktari Michael DeBakey alimwekea pampu mwanamke mmoja kutoka Mexico. Baada ya siku 10 moyo wake ulipata nguvu, pampu ikatolewa, naye akapona.

Mwaka 1982 Barney Clark, daktari wa meno, aliondolewa moyo wake na kuwekewa wa bandia. Aliishi siku 112, akiwa ameunganishwa kwa mipira na mashine kubwa kando ya kitanda. Mwaka 2000, Oxford, Uingereza, Peter Houghton alipata pampu ndogo ya kusaidia moyo wake. Alitembea na betri zake, akaishi zaidi ya miaka 7.

Mwaka 2001 Marekani ilitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 129 wasioweza kupandikizwa moyo wa mtu mwingine. Baada ya mwaka mmoja, kwa kila 100 waliowekewa pampu, 52 walikuwa hai. Kwa waliopewa dawa peke yake, 25.

Lakini pampu ina masharti. Betri zinataka chaji kila siku. Waya unatoka kwenye ngozi na lazima uwe safi. Mgonjwa anakunywa dawa ya kuzuia damu isigande, na damu yake inapimwa mara kwa mara. Baraka, ambako wengi wanategemea sola na jenereta, usiku mmoja bila umeme ungetosha kumuua.

Kwa hiyo kazi kubwa huku ni kuulinda moyo kabla haujachoka. Mtoto mwenye maumivu ya koo na homa apelekwe kituo cha afya: koo la bakteria lisipotibiwa kwa penisilini linaweza kuharibu milango ya moyo. Wakubwa wapime presha. Mama aliyejifungua akivimba miguu na kukosa pumzi, asingoje.