Ada Nafuu, Njia Ndefu: Uuguzi katika Vyuo vya Jamii vya Marekani

Mwaka 1951, katika tasnifu yake ya udaktari, mwalimu wa uuguzi Mildred Montag alipendekeza kwamba wauguzi wa Marekani wafunzwe kwa miaka miwili, tena chuoni. Wengi wakati huo walisomea katika shule za hospitali kwa miaka mitatu huku wakitumikishwa wodini. Mwaka uliofuata majaribio yakaanza. Leo mhitimu wa chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, hufanya mtihani wa leseni uleule, NCLEX-RN, anaofanya mwenzake wa chuo kikuu, na leseni ni moja.

Hesabu ya ada inavutia. Kwa mujibu wa shirika la College Board, katika mwaka wa masomo 2024–25 mkazi wa eneo la chuo cha umma cha miaka miwili alitozwa wastani wa dola 4,050. Chuo kikuu cha umma kilimtoza mkazi wa jimbo dola 11,610. Ruzuku ya Pell ya serikali ya shirikisho, ambayo hairudishwi, ilifika hadi dola 7,395. Mwenye grinikadi anaweza kuiomba. Aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi hawezi, na ada yake huwa juu zaidi. Upande wa pili wa mizani, mshahara wa kati wa muuguzi aliyesajiliwa ulikuwa dola 93,600 kwa mwaka Mei 2024.

Hata hivyo, gharama kubwa ya njia hii ni muda. Kabla ya kugusa somo lolote la uuguzi, mwanafunzi hupitia anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, saikolojia na uandishi. Kisha husubiri nafasi, na nafasi ni chache kwa sababu walimu ni wachache: anayetaka kufundisha huhitaji kwa kawaida shahada ya uzamili, ilhali hospitali humlipa vizuri kuliko chuo. Miaka miwili ya kwenye karatasi huwa mitatu au minne.

Muda huo hauwaelemei wote sawa. Wahamiaji wengi kutoka Afrika Mashariki huanza kama wasaidizi wa wauguzi katika nyumba za kutunzia wazee, wakishika zamu za usiku na kutuma fedha nyumbani. Ratiba ya mafunzo ya wodini haijali zamu hizo. Anayepunguza saa za kazi ili asome hupoteza kipato ambacho hakionekani katika jedwali lolote la ada, na hapo ndipo wanafunzi wenye uwezo wanapokwama.

Kuna pia swali la shahada ya kwanza, ambayo mafunzo ya miaka miwili hayaitoi. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake wa mwaka 2003, uliohusu hospitali za Pennsylvania, ulionyesha kwamba penye wauguzi wengi wenye shahada, vifo vya wagonjwa wa upasuaji vilikuwa pungufu. Sheria ya New York ya mwaka 2017 huwapa wauguzi wapya miaka kumi kuipata shahada hiyo. Ushahidi huo ni mzito, lakini si hoja ya kufunga mlango wa vyuo vya jamii. Ni hoja ya kuipeleka shahada huko huko. California ilikaribia kufanya hivyo kwa majaribio mwaka 2024, lakini gavana Gavin Newsom akakataa kuusaini mswada. Majimbo yanayotaka wauguzi zaidi yangeanza na mishahara ya walimu na masomo ya jioni, kwani ada peke yake imeshakuwa nafuu.